Jumatano, Siku ya Kawaida

Niseme ukweli mapema, ili usije ukanidhania mtu mwema halafu ukajuta katikati ya njia: wifi yangu nilimwonea wivu tangu siku alipoingia nyumbani kwangu na mabegi mawili na cheti chake ndani ya fremu. Si wivu wa kupita. Ni ule wa kukaa, wa kula nao na kuamka nao.

Ni mdogo wake mume wangu. Alikwenda kusomea mipango miji, akakaa huko miaka sita, akarudi na digrii mbili, na kaka yake akaniambia, "Atakaa nasi kwa muda tu, mpaka ajipange." Mpaka leo sijaambiwa huo muda una urefu gani. Wiki ya kwanza watoto wangu walihamia chumbani kwake na madaftari yao. Wiki ya pili mume wangu, fundi wa friji, mtu ambaye kwangu husema maneno kumi kwa siku na sita kati ya hayo ni kuulizia chai, alianza kukaa mezani na dada yake mpaka chai yenyewe inapoa, wakizungumzia mabasi. Mabasi, jamani. Mimi niko kwenye barabara miaka ishirini na miwili na hajawahi kuniuliza hata habari za tairi.

Lakini aliyenimaliza ni mama yangu mzazi. Mama anaishi kwangu tangu alipopata kiharusi, mguu na mkono wa kulia vikagoma. Hukaa kwenye kiti chake cha magurudumu karibu na dirisha la sebuleni. Jioni moja narudi kazini, miguu imevimba, nikasikia anaita, "Mwanangu, nisogezee mto." Nikaitika, "Abee, mama," nikaingia mbio na kibegi begani. Wifi alikuwa pale, ameshausogeza. Mama hakuwa ananiita mimi. Nilikwenda jikoni nikasugua sufuria ambayo ilikuwa safi tangu mchana.

Hapo bado hajapata kazi. Alipoipata, aliipatia wapi? Ofisini kwangu. Idara ya usafiri ya manispaa, ghorofa ya pili, chumba kilekile, meza inayotazamana na yangu.

Kazi yangu mimi ni kuhesabu magari. Usicheke. Kabla barabara haijapanuliwa na kabla taa hazijawekwa, lazima mtu akae pale makutano kuanzia saa kumi na mbili asubuhi mpaka saa kumi na mbili jioni, ubao mapajani, apige kijiti kwa kila kinachopita: vinne vimesimama, cha tano kinavikata. Magari madogo safu yake, mabasi safu yake, kisha malori, pikipiki, baiskeli, na mwisho kabisa "mengineyo". Nilianza nikiwa mhesabu, nikawa msimamizi wa wahesabu, na ofisi nzima huniita Bi Vijiti. Nikifumba macho naweza kukwambia lori linalopita ni tupu au limejaa. Fomu tunayotumia niliitunga mimi, safu zake nilizichora kwa rula, na hakuna barabara iliyojengwa katika mji huu bila fomu ile.

Siku ya tatu tu kazini, wifi akaichukua fomu yangu, akaisoma juu mpaka chini, akaigeuza nyuma kana kwamba kuna kitu kimedondokea huko.

"Wifi," akaniuliza kwa ile sauti yake ya asali, "watu wa miguu wako safu gani?"

"Watu wa miguu hawaleti foleni," nikamjibu.

"Mimi leo nimekuja kwa miguu. Ningekuwa wapi hapa?"

"Kwenye mengineyo."

Wenzetu wakacheka, na yeye akacheka nao. Kucheka kwake ndiko kulikonikera zaidi, maana hakukuwa na kinyongo hata chembe. Mtu ukimchoma lazima aumie kidogo, ndiyo heshima yenyewe. Huyu wapi.

Basi mkuu wetu wa idara, mtu mfupi anayetafuna vifuniko vya kalamu mpaka tukambatiza Kifuniko, akatuita sote wawili. Barabara ya hospitali ilikuwa inataka mpango mpya. Nilikuwa na wangu tayari: tuipanue, iwe njia nne, miti ya pembeni ikatwe, magari yapite. Wifi alikuwa na wake. Magari yabaki na njia mbili yalizo nazo. Nafasi ya pembeni igawanywe: njia moja ya mabasi peke yake, kisha njia pana ya watu wa miguu na baiskeli, chini ya miti ileile, na kivuko kinachoeleweka mbele ya geti la hospitali.

"Wifi anauliza magari mangapi yanapita," alimwambia Kifuniko. "Mimi nauliza watu wangapi wanafika. Mwenye safari fupi atembee bila kuhatarisha roho yake. Mwenye safari ndefu apande basi lisilokwama. Gari dogo libaki kwa mwenye sababu. Tukipanua tu, baada ya miaka mitano foleni itarudi na ndugu zake."

Nilimkatalia kwa ukali, na ukali wangu ulikuwa na chanzo. Nimeshiriki kupanua barabara tatu katika mji huu, na foleni zimerudi zote tatu. Nilijua anachosema. Nilichotaka kujua ni kwa nini kisemwe na yeye.

Na kulikuwa na kiti. Kiti cha mkuu wa kitengo cha mipango kilikuwa wazi tangu aliyekikalia alipostaafu, na Kifuniko akasema waziwazi kwamba yule ambaye mpango wake utapita ndiye atakayekikalia. Kile kiti nilikuwa nimekisubiri miaka saba. Nilikuwa nikifika mapema asubuhi nakifuta vumbi mwenyewe, mwenye chumba akiwa bado yuko kazini.

Hesabu yangu ya magari ilikuwa imeshakamilika. Ya wifi, ya watu wa miguu, ilikuwa haijafanywa popote, tangu mji huu uwe mji. Akapewa siku moja, siku ya kawaida, na kwa taratibu zetu siku ya kuhesabu hupangwa na msimamizi wa wahesabu, ambaye hutia sahihi chini ya fomu. Msimamizi ni mimi.

Jioni hiyo tulikuwa tunaosha vyombo, mimi nasugua, yeye anasuuza.

"Wifi," akasema, "wewe unapajua pale kuliko mtu yeyote. Siku ya kawaida ni ipi?"

Hapa ndipo kosa langu lilipo, na lilikuwa dogo, lilienea kwenye neno moja.

"Jumatano," nikamwambia.

Mwongozo wetu wenyewe unasema hivyo. Jumatatu mji una pupa, Ijumaa kila mtu anataka kwenda kwao, Jumatano ndiyo siku ya kawaida. Kwa magari ni kweli kabisa. Lakini mimi nimekaa mbele ya lile geti miaka mingi. Jumatatu na Alhamisi ni kliniki: wajawazito, watoto wachanga, wazee wa presha, watu wa mazoezi ya viungo, wote wanamiminika kwa miguu kutoka kituo cha basi hadi getini, mpaka magari yanatambaa. Jumatano hospitali inafanya upasuaji tu, wagonjwa wa nje hawapokelewi. Jumatano unaweza kutandika mkeka pale getini ukalala na usikanyagwe. Nalijua hilo vizuri kuliko kiganja changu, kwa sababu mama yangu mwenyewe hupelekwa mazoezi ya mguu kila Alhamisi. Mume wangu humpakia kwenye pikapu yake ya kazi.

Nikatia sahihi. Jumatano.

Alirudi jua limezama, vumbi mpaka kwenye kope, na karatasi zake mbili. Watu mia sita na arobaini kutwa nzima. Akaziweka mezani akaanza kuzihesabu upya. Kaka yake akamwambia asikate tamaa. Mimi nilikula nikaongeza, na nikawasaidia watoto hesabu zao za shule, jambo ambalo nilikuwa sijalifanya kwa miezi.

Asubuhi yake mume wangu akapigiwa simu na mwenye bucha, chumba cha baridi kimekufa na nyama yote imo ndani. Akaondoka na pikapu bila hata kunywa chai. Mimi nilikuwa na michoro ya kumalizia. Wifi akaomba ruhusa kazini, akamsukuma mama hadi hospitali, mwendo wa nusu saa na zaidi. Jioni, wakati wa kula, nilimwona ananitazama kidogo juu ya sahani kisha akainamisha macho. Nikadhani amechoka kusukuma.

Jumatatu tukakaa kikao. Meza ndefu, watu wanane, Kifuniko na kifuniko chake. Nikasoma hesabu yangu: magari elfu tisa na ushei kwa siku. Zamu ya wifi ikafika, akasimama.

"Mkuu, hesabu yangu ina kasoro. Siku niliyohesabu haikuwa sahihi kwa watu wa miguu. Nilipaswa kwenda mwenyewe hospitalini nikaulize siku zao, sikwenda. Siwezi kuitetea hesabu hii."

"Siku ilipangwa na nani?" Kifuniko akauliza.

Fomu alikuwa nayo mkononi. Sahihi yangu ilikuwa chini kabisa, kubwa, maana mimi nasaini kubwa. Akaikunja katikati, polepole, kwa vidole viwili.

"Niliitaka mimi," akasema.

Kifuniko akasema basi, mpango wa Bi Vijiti unakwenda barazani Ijumaa, na kiti kile nikikalie kuanzia hiyo Jumatatu. Watu wakapiga makofi. Nilikwenda kukaa. Kumbe kile kiti kinalia, ukijitikisa kidogo tu kinalia, na miaka saba yote ya kukifuta vumbi sikuwahi kulijua hilo kwa sababu sikuthubutu kukikalia.

Nyumbani nilimkuta mama peke yake sebuleni. Nikampa habari ya kiti. Hakunipongeza. Maneno yake siku hizi hutoka moja moja, kwa upande mmoja wa mdomo, inabidi uyasubiri.

"Alhamisi," akasema, "alinisukuma. Akaona watu. Akashangaa. Nikamwambia Alhamisi ndivyo kulivyo. Binti yangu anajua. Amehesabu hapa tangu hujaja." Akapumzika. "Akaniuliza, anajua kwamba Jumatano hakuna kliniki? Nikamwambia anajua mpaka mashimo. Nimekosea kusema, mwanangu?"

Mwanangu. Miezi yote ile nilikuwa nalitafuta neno hilo kama mtu anayetafuta funguo, na nilipewa saa ambayo sikuweza hata kuitika.

Kwa hiyo alijua. Alisimama mbele ya watu wanane akiwa anajua, ana ushahidi mkononi, akaukunja. Utadhani aibu ndiyo ilinishika kwanza. Hapana. Aibu ilikuja baadaye, ilichelewa. Kilichotangulia ni wivu uleule, umekua mara mbili. Kwamba hata uungwana alikuwa nao yeye. Ningekuwa mimi nimeishika karatasi ile, ningeifungua nikaisoma kwa sauti, jina, sahihi na tarehe, kisha ningeipitisha meza nzima kila mtu aione.

Nilimkuta uani anaanua nguo. Zilikuwa nguo za watoto wangu.

"Kwa nini hukusema?"

Hakujifanya hanielewi. "Ningesema nini, wifi? Nakula mezani kwako."

"Usinihurumie."

"Sikuhurumii. Nimekasirika mpaka kichwa kinaniuma." Akakunja shati la mwanangu wa mwisho, akalinyoosha mikono. "Lakini kaka yangu anakupenda, na mama ananiita mwanangu, na hii ndiyo nyumba niliyo nayo. Alhamisi nitampeleka tena. Kaka bado hajamaliza kule buchani."

Akaingia ndani na beseni. Nilibaki na vibanio vya nguo mkononi, nataka kumrushia kimoja, nataka pia kumwita arudi. Nikavirudisha kimoja kimoja kwenye kamba tupu.

Siku mbili nilikaa kwenye kiti kinacholia. Alhamisi alfajiri nikachukua karatasi nyeupe na rula, nikachora fomu mpya. Safu ya kwanza nikaandika "wa miguu". Ya pili, "wenye watoto mgongoni". Ya tatu, "wa magongo na viti vya magurudumu". Magari nikayapeleka mwisho. Mkono ulikuwa mzito, kama naandika barua ya kuomba radhi kwa mtu nisiyempenda, na ndivyo ilivyokuwa. Saa kumi na mbili juu ya alama nilikuwa kwenye kigoda changu cha zamani, ng'ambo ya geti la hospitali.

Miaka ishirini na miwili nimekaa pale, na naapa sikuwahi kuangalia. Nilikuwa nikiwatazama watu kama unavyotazama mvua, kitu cha kusubiri kipite ili uone gari. Kufikia saa tatu karatasi nne zilikuwa zimejaa. Mjamzito anatembea ndani ya mtaro mkavu kwa sababu juu hakuna pa kukanyaga. Mzee ameshika mti, anahesabu pumzi zake, kisha anauacha na kuufuata mti unaofuata. Miti ileile niliyotaka ikatwe. Wanawake wawili wamemshika wa tatu kwapani na wote watatu wanarudi nyuma kila lori likipiga honi.

Kwenye saa nne na kitu wakatokea. Wifi kainama, anasukuma kiti kwenye ukingo wa lami, gurudumu moja juu ya lami na jingine kwenye kokoto, na mama kashika mkono wa kiti kwa ule mkono mmoja unaomtii. Basi likipita anakigeuzia kiti pembeni na kusimama yeye upande wa barabara. Walipofika mbele ya geti wakasubiri kuvuka kuja upande wangu, maana huku ndiko kuna kivuli cha kupumzikia kabla ya zamu yao. Kwa mazoea ya kazi nikatazama saa. Wifi akanyoosha mkono. Hakuna aliyesimama. Akaushusha, akaunyoosha tena. Magari niliyoyahesabia mkate wangu maisha yangu yote yalipita moja baada ya jingine, na mama yangu amekaa katikati ya moshi wake. Dakika kumi na moja. Mwishowe dereva mmoja wa lori la mchanga akasimama akawapungia.

Mama ndiye aliyeniona kwanza. Akatazama ubao mapajani mwangu, akatazama kalamu.

"Tumo?" akauliza.

"Mmo, mama."

Nikapiga vijiti viwili, kimoja safu ya kwanza, kimoja ya tatu. Wifi alisimama nyuma ya kiti anahema, jasho linamtoka, akaisoma fomu kichwa chini miguu juu kutoka pale aliposimama.

"Wenye mizigo kichwani umewasahau," akasema.

Unaona mtu alivyo? Nimejinyima kiti, nimekaa kwenye vumbi tangu alfajiri, na bado ana la kusahihisha. Nikachukua rula nikachora safu, kwa hasira, kwa sababu alikuwa amesema kweli.

Jioni ilikuwa watu elfu nne mia tatu na kumi na wanane. Ijumaa, kabla ya baraza, nikamwekea Kifuniko karatasi zote mezani na barua ya mistari mitatu: Jumatano niliichagua mimi, nikijua hakuna kliniki, na fomu yenye sahihi yangu anayo mwenzangu akiitaka. Aliisoma mara mbili, kifuniko kikamtoka mdomoni.

"Unajua unamwaga unga wako mwenyewe?"

"Najua. Na kiti chenyewe kinalia," nikamwambia.

Hakunifukuza. Alinipa onyo la maandishi na kunirudisha kwenye meza yangu ya zamani. Barazani mpango wa wifi ulipita, miti imebaki, na kiti akapewa yeye. Siku ya kwanza alikitia mafuta kwenye skrubu, kikanyamaza. Mimi hilo halikunijia kichwani hata kidogo, na liliniuma wiki nzima.

Siku alipothibitishwa, mume wangu alirudi mapema, akasimama katikati ya sebule akamsifu dada yake kwa maneno ambayo ukiyahesabu, na mimi niliyahesabu, yalizidi yale aliyoyasema siku ya harusi yetu. Watoto walipiga makofi. Nilipiga na mimi, na roho inaniuma vilevile, usidhani iliacha.

"Mwanangu," mama akaita kutoka dirishani, "nisogezee mto."

Tuliinuka wote wawili, mimi na wifi, kwa pamoja. Alikuwa karibu zaidi. Akanitazama, kisha akakaa chini, taratibu, akajifanya anatafuta kandambili yake. Nikaenda nikausogeza mto.